Salami ya ng'ombe, hapa hapa Ngamiani

Joto la Tanga halitaki salami, yaani soseji inayochachushwa na kukaushwa bila kupikwa, kwa hiyo usiitundike barazani kama ng'onda. Mimi nilitundika; siku ya tatu jirani akabisha hodi kuuliza kama kuna panya kafia darini. Sasa natumia friji kuukuu yenye kidhibiti joto: nyuzi 13, unyevu asilimia 75 hadi 80.

Kilo moja ya nyama, robo yake mafuta ya kidari. Tumia mzani, achana na kijiko: chumvi gramu 25, na gramu 2.5 za chumvi maalumu ya soseji za kukausha, yenye naitraiti na naitreti. Hiyo ndiyo kinga dhidi ya sumu ya botulini. Ukiikosa, pika nyama yako ule leo. Tia saumu, pilipili manga ya Muheza, na bakteria wa kuchachusha kwa kipimo cha pakiti.

Saga nyama ikiwa baridi ya kuuma vidole, la sivyo mafuta yatapakaa. Jaza kwenye utumbo safi wa mbuzi, toboa mapovu kwa sindano. Siku mbili nyuzi 22 ichachuke, kisha ndani ya friji ikauke. Andika uzito, ukipungua theluthi, kata. Ukungu mweusi ukitokea, tupa, hata roho ikiuma.