Kumrudisha mtoto wa msingi kwenye mstari baada ya shule kuvurugika na korona

Mzazi mwenzangu, kama una mtoto aliyekuwa la kwanza au la pili mwaka 2020, au mdogo wake aliyeanza shule wakati nyumba bado haijakaa sawa, soma hii. Nafundisha msingi hapa Arusha, madarasa ya chini, na haya ninayoandika nimeyaona darasani.

Tunakumbuka wote. Machi 16, 2020 ikatangazwa mgonjwa wa kwanza nchini na alikuwa hapa hapa Arusha, kesho yake shule zikafungwa, watoto wakaenda nyumbani tukijua ni siku 30, wakarudi Juni 29. Piga hesabu, ni karibu wiki 15. Wapo wanaosema mbona Uganda walifunga mpaka Januari 2022, sisi tulipoteza nini? Jamani, mtoto wa la kwanza mwezi wa tatu ndo kwanza yuko kwenye silabi, anaijua ba, anaijua ma, kuunganisha bado, ukimkatisha hapo halafu ukamrudisha ukaendelea na mada za mbele anabaki amekwama pale pale miaka na miaka. Na sisi walimu tulichangia, lazima niseme. Tuliporudi tulikimbizana na silabasi, waliokuwa na mtu wa kuwafundisha nyumbani wakaenda na sisi, wengine wakajifunza kujificha.

Nilikuwa na kijana mmoja wa la tatu, anasoma ukurasa mzima bila kusita, nikawa namsifia. Siku moja nikaona macho yake yako kwenye picha. Nikafunika picha kwa kiganja nikamwambia anza mstari wa tatu. Kimya. Nikaonesha neno moja tu, "nywele", akaniangalia mimi. Kitabu kizima alikuwa amekikariri kwa kusikiliza wenzake.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kabisa, jua amekwama wapi, usiulize yuko darasa la ngapi. Inachukua dakika 10. Chukua karatasi uandike mwenyewe kwa mkono, usitumie kitabu chake cha shule. Juu weka silabi, nyepesi kama ke, bu, ma na zile ngumu kama mwa, nywe, ng'o. Chini yake maneno: meza, kuku, ng'ombe, nywele. Halafu sentensi tatu fupi, halafu kihadithi cha mistari sita hivi ambacho hajawahi kukiona, akimaliza muulize kimetokea nini. Pale anapoanza kubahatisha ndo pa kuanzia, hata kama yuko la tano na pale ni silabi, usishtuke mbele yake na usiite majirani waje kuona.

Kuna walimu nchi nyingi wanafanya hivi sasa, wazo lilianzia India kwenye shirika linaitwa Pratham, wanagawa watoto kwa kiwango cha kusoma badala ya darasa, kwa saa moja au mbili za siku. Nyumbani huhitaji saa. Dakika 20 kila siku zinatosha, lakini iwe kila siku kweli, maana saa mbili za Jumamosi ukiwa umechoka na hasira ziko karibu hazimsaidii.

Aliyekwama kwenye silabi, kata boksi la sabuni vipande vidogo uandike silabi moja moja kwa makapeni. Mpe ka, ta, ma, za, la tu, mwache apange: kata, taka, kaza, kama, laza. Yeye ndo asogeze kwa vidole vyake, wewe mikono yako iweke mbali. Akikosea mwache asome alichopanga, mara nyingi atajisikia mwenyewe kwamba hilo sio neno. Aliyefika kwenye maneno someni pamoja kwa sauti, wewe mstari mmoja yeye mmoja. Na kama nyumbani mnaongea Kimaasai au Kimeru au Kichaga, mwache asimulie hadithi kwa lugha hiyo kwanza halafu ndo kwa Kiswahili, wapo watoto tunawaona hawaelewi kumbe wameelewa vizuri wamekosa tu maneno ya kutolea.

Hapo kwenye lugha kuna kundi huwa linasahaulika sana mikoa yetu hii. Watalii walipoacha kuja, wapagazi, waongoza watalii, wapishi wa mlimani Kilimanjaro, watu wa mahoteli kuanzia Machame na Marangu mpaka huku mjini walikaa bila kazi, wengi wakashindwa ada wakawahamisha watoto kutoka inglishi midiamu kwenda shule za serikali. Mtoto alikuwa mzuri wa hesabu ghafla anapata sifuri. Hajawa mjinga, hajui tu kwamba "gawanya", "sehemu" na "mzingo" ni vile vitu anavyovijua kwa Kiingereza. Mtengenezee kamusi nyuma ya daftari, kushoto neno la Kiswahili kulia lile alilozoea, maneno 5 kwa wiki, mwezi mmoja tu utaona tofauti.

Hesabu za kawaida zifanyie kwenye maisha. Mtume dukani na 2,000, nyanya fungu moja 500, mafuta ya 1,000, ibaki ngapi? Aseme kabla hajaondoka. Ukienda soko la Kilombero hapa Arusha au la Mbuyuni pale Moshi nenda naye, chenji aipokee na kuihesabu yeye. Kutoa kwa kukopa kukimshinda tumia vizibo vya soda, afunge kumi kumi kwenye kimfuko, siku akifungua mwenyewe kimfuko kimoja ili apate vya kutoa, ameelewa kukopa ni nini.

Sasa moyo wake, na hapa naomba tusipite haraka. Tumbo linauma kila Jumatatu asubuhi, amerudi kukojoa kitandani, anapiga wadogo zake, alikuwa muongeaji sasa kimya, hizo ni taarifa anakupa, usizichukulie kama utundu. Ile miezi watoto wengine walizika bibi na babu, wengine waliwasikia wazazi wakigombana hela usiku, na hakuna aliyewaambia kitu. Ukimkalisha umuulize "una nini wewe?" atasema sina. Chambueni maharage pamoja, au amenye ndizi za mtori pembeni yako, mikono ikiwa na kazi maneno yanatoka yenyewe. Akianza kusema usimkatishe na mawaidha. Na ule wimbo wa "mwenzako fulani mbona anajua" uuache kabisa, nakuomba.

Usingizi nao, umri wa miaka 6 mpaka 12 wanahitaji saa 9 hadi 12, anayeangalia tamthilia na nyie mpaka saa tano usiku anakuja kusinzia kwangu saa nne asubuhi. Na uji kabla ya kutoka, hata kikombe.

Shuleni nenda ukiwa umeshika ile karatasi yako ya kipimo. Mwalimu ana watoto wengi, ukimwambia "mwanangu anakwama kuanzia maneno yenye nyw na ng', naomba umsogeze mbele" umempa kitu cha kufanyia kazi, ukienda na lawama mtaishia kulaumiana. Ukiona dalili za kuumizwa au kufanyiwa vibaya usisubiri mkutano wa wazazi, mwone ofisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto polisi, au piga 116, ni bure.

Baada ya wiki nne mpime tena, karatasi mpya kiwango kile kile, andika tarehe juu, mwoneshe zote mbili aone mwenyewe alipotoka. Yule kijana wa "nywele" ilimchukua muhula mzima na wiki mbili. Siku hizi akifungua kitabu anafunika picha yeye mwenyewe kwanza, halafu ndo anaanza kusoma.