Maneno ya upishi wa bia, hatua kwa hatua

Wanaoanza kupika bia hupewa orodha ya maneno, wakayakariri, na baada ya wiki wameyasahau. Mimi huwafundisha kwa kukifuata kilichomo sufuriani: kikibadilika, na jina hubadilika.

1. Kimea
Hii ni shayiri iliyoloweshwa ikaanza kuota, kisha ikakaushwa. Kuota huzalisha vimeng'enya vitakavyogeuza wanga kuwa sukari. Kimea kikikaangwa sana, bia hutoka nyeusi. Kwa hiyo usipime ukali wa bia kwa rangi yake. Nyeusi inaweza kuwa nyepesi kuliko ya dhahabu.

2. Mashi, kisha woti
Pasua punje za kimea bila kuzifanya unga, uchanganye na maji ya moto, ukiacha kwa saa moja katika nyuzi 62 hadi 70 za Selsiasi. Mchanganyiko huo ndio mashi. Ukishikilia nyuzi 63, hamira itaweza kula sukari nyingi na bia itakuwa kavu. Ukipanda hadi 69, sehemu ya sukari itabaki, na bia itajaa mdomoni. Uzito huo ndio watu huuita bodi. Chuja. Maji matamu yanayotoka ni woti, na bado si bia.

3. Hopsi
Ni maua ya mmea unaojizungusha kwenye nguzo. Yatie woti inapoanza kuchemka upate uchungu, au dakika za mwisho upate harufu. IBU kwenye lebo ni kipimo cha uchungu huo.

4. Hamira
Poza woti haraka, kisha tia hamira. Hapa ndipo eli na laga, aina mbili kuu za bia, zinapoachana: hamira ya eli hupenda takriban nyuzi 18 hadi 22, ya laga 8 hadi 13, na laga hulazwa tena kwenye baridi kwa wiki kadhaa. Sheria ya viungo vya bia ya Bavaria, Ujerumani, ya mwaka 1516 ilitaja shayiri, hopsi na maji tu. Kazi ya hamira ilikuwa bado haijulikani.

5. Graviti
Neno hili ndilo linalowatisha wengi, nami nalipenda kuliko yote. Ni uzito wa woti ukilinganishwa na maji, ambayo ni 1.000. Kabla ya kutia hamira, jaza woti kwenye silinda, tumbukiza haidromita, kipimo cha kioo kinachoelea, na uizungushe kwa vidole ili viputo viachie. Vikiing'ang'ania huiinua na kukudanganya. Inamisha kichwa hadi jicho liwe sawa na uso wa woti, usome mstari wa chini, si pale inapopanda kando ya kioo. Tuseme ni 1.050: hiyo ndiyo graviti ya mwanzo. Hamira ikila sukari, namba hushuka. Ikifika 1.010, toa: 0.040. Zidisha kwa 131.25, unapata 5.25, yaani asilimia ya kilevi kwa ujazo, ABV.

Bia yangu ya kwanza niliitia chupani kwa sababu tu viputo vilikuwa vimekoma. Hamira ilikuwa bado inakula, na chupa tatu zikapasuka usiku. Tangu siku hiyo napima mara mbili, siku tatu zikipita katikati. Namba zikilingana, ndipo natia sukari kidogo ya kuleta gesi na kufunga vizibo.