Somo: Kupaka macho baada ya kunyanyua kope

Somo hili ni la wale ambao wameshanyanyuliwa kope na fundi, yaani kope zao wenyewe zimepindwa kwa dawa zielekee juu, si za kubandika, na sasa wanataka kurudi kwenye wanja na maskara. Niseme mapema ninachokiamini: kope zilizonyanyuliwa haziumizwi sana na kupaka vipodozi, zinaumizwa na namna ya kuvitoa. Kwa hiyo ukishika maskara dukani, usiulize tu itanipendezeshaje, uliza pia usiku itatokaje. Ukilishika hilo, mengine yote ni mepesi.

Hatua ya 1: Ziache kope zitulie

Hapa nitakaa kidogo, maana asiyejua kilichofanyika machoni kwake hawezi kuona umuhimu wa kusubiri.

Ukope umejengwa kwa keratini, protini ileile iliyo kwenye nywele na kucha. Kinachoupa umbo ni vifungo vya salfa vilivyomo ndani ya keratini hiyo. Fundi anapozilaza kope zako juu ya kile kipande laini cha silikoni, anapaka dawa ya kwanza, ambayo mara nyingi ina asidi ya thioglikoliki au sisteamini, na dawa hiyo inavilegeza vifungo. Kisha anapaka dawa ya pili, mara nyingi yenye haidrojeni peroksaidi au sodiamu bromati, ambayo inavifunga upya wakati kope zimeshapinda. Ni kazi ileile ya dawa ya kutia nywele mawimbi, ila hapa inafanyika milimita chache kutoka kwenye jicho lenyewe.

Ndiyo maana tunasubiri saa 24 bila maji, bila mvuke, bila krimu na bila kipodozi chochote cha macho. Mafundi wengine hutaja saa 48. Kama wako alikuambia 48, mfuate yeye, kwa sababu anaijua dawa aliyotumia. Kuna sababu mbili za kusubiri. Kwanza, kope zikilowa au kubebeshwa uzito mapema zinaweza kuinama au kukaa upande. Pili, ngozi ya ukingo wa jicho imetoka kukutana na dawa kali, na rangi ya vipodozi ikiingia pale inaweza kuiwasha.

Usiku huo lala chali. Kuosha uso usiache, tumia kitambaa chenye unyevu na uishie kwenye mashavu. Faundesheni na rangi ya midomo paka upendavyo, havihusiani na kope.

Hatua ya 2: Angalia kabla ya kushika brashi

Muda ukishapita, simama penye mwanga wa mchana utazame macho yako vizuri. Ukingo wa jicho una wekundu? Unawasha? Kuna uvimbe? Jibu likiwa ndiyo hata kwa kimoja, leo hakuna kupaka. Yakiwa safi, chana kope taratibu kwa kibrashi kikavu, kuanzia chini kwenda juu.

Na ile maskara ya zamani uliyonayo kwenye mkoba, kama umeifungua zaidi ya miezi 3 iliyopita, itupe. Kila mara brashi inapoingia na kutoka inapeleka vijidudu ndani ya chupa, na humo ni giza na unyevu tupu.

Hatua ya 3: Aishedo ianze

Aishedo, ile rangi ya poda ya kupaka juu ya jicho, huwa inamwaga vumbi. Likishaanguka juu ya kope zilizopakwa maskara halitoki bila kusugua, na kusugua ndiko tunakokukimbia. Kwa hiyo anza na aishedo, malizia na kope. Kung'uta brashi kabla ya kugusa jicho, kisha gonga-gonga rangi badala ya kuiburuta.

Kitu ambacho wengi hawakitarajii: kope zikinyanyuka, ngozi ya juu ya jicho inaonekana zaidi kuliko zamani, kwa sababu hazitupi tena kivuli mbele yake. Rangi uliyokuwa ukipaka kwa tabaka tatu sasa inatosha kwa moja. Mimi napenda rangi tulivu isiyo na mng'ao kwa wiki za mwanzo, kope zionekane zenyewe.

Hatua ya 4: Wanja

Kope zilizonyanyuka zinafichua pale zinapootea. Ukitazama karibu utaona vipande vya ngozi katikati ya shina la ukope mmoja na mwingine, na vinaweza kufanya kope zionekane chache hata kama ni nyingi. Suluhisho lake si mstari mnene. Chukua wanja wa penseli uliolainika, inua kidevu, tazama chini kwenye kioo, kisha jaza vile vinafasi kwa vidoa vidogovidogo. Ukimaliza, pitisha kibrashi chembamba juu yake kuvilainisha.

Wanja wa maji nao unafaa, lakini uchague unaotoka kwa maji ya uvuguvugu. Ule wa kung'ang'ania siku nzima utakulazimisha kusugua usiku, palepale kwenye mashina.

Usipake wanja upande wa ndani wa ukingo, ule unaogusa jicho lenyewe. Pale kuna matundu ya tezi zinazotoa mafuta ya kulinda machozi yasikauke upesi, na wanja huyaziba. Hili ni kwa kila mtu, si kwa walionyanyua kope tu.

Hatua ya 5: Maskara, na kidogo tu

Kikunjio cha kope kiweke kando kabisa. Ukope ambao tayari umepinda ukiubana kwa chuma unaupa kona badala ya mviringo, na unaweza kukatika pale ulipobanwa.

Futa brashi ya maskara kwenye mdomo wa chupa mpaka ibaki na rangi kidogo. Gusa kope kuanzia katikati kwenda kwenye ncha, tabaka moja. Usilundike kwenye mashina, maana uzito wa pale unazivuta kope chini na hata kuziosha baadaye ni taabu. Kabla rangi haijakauka, zitenganishe kwa kibrashi safi. Kama fundi alizitia rangi nyeusi, jaribu kwanza kutoka bila maskara kabisa, huenda usiihitaji.

Aina ninayoipendekeza ni ile maskara inayouvisha kila ukope mfuko mwembamba, kisha ukilowesha kwa maji ya uvuguvugu mifuko hiyo inachomoka mizima kama vijiuzi. Haihitaji mafuta wala kusugua. Maskara ya kawaida inayotoka kwa maji inafuata. Isiyotoka kwa maji iweke kwa siku ambayo kweli hakuna namna nyingine.

Hatua ya 6: Kuvitoa

Lowesha pamba kwa maji ya maiseli au kisafishio kingine cha macho. Fumba jicho, iweke pamba juu yake, uhesabu polepole mpaka 20 bila kusogeza mkono. Kazi inafanywa na kile kimiminika, si na vidole vyako. Kisha ipeleke pamba taratibu kutoka kwenye mashina kwenda kwenye ncha, kuelekea kule zinakotazama kope. Usiende kulia na kushoto. Kama rangi imebaki, weka pamba nyingine na usubiri tena. Kwa wanja uliobaki kwenye mashina tumia kijiti cha pamba kilicholowa.

Suuza kwa maji, kausha kwa kubonyeza taulo bila kufuta, halafu chana kope kwenda juu zikiwa bado na unyevu. Asubuhi utazikuta zimekaa.

Kuhusu mafuta kuna mkanganyiko mkubwa. Walioambiwa wasiguse mafuta kabisa ni wale wenye kope za kubandika, kwa sababu mafuta huyeyusha gundi. Wewe huna gundi, na vifungo vya keratini vikishajifunga vizuri havifunguliwi na mafuta ya kusafishia. Hata hivyo mimi nachagua kisafishio chepesi, kwa kuwa mafuta mazito hubaki kwenye kope, yakazilaza na kuzigandisha pamoja.

Ukifuata hivyo, umbo linakaa kwa takriban wiki 6 hadi 8. Halipotei kwa siku moja. Kila ukope una umri wake, unaanguka na mwingine unaota ukiwa umenyooka kama ulivyozaliwa nao, kwa hiyo utaanza kuona mchanganyiko. Hilo si kosa la vipodozi.

Maswali ya wanachama

Dada, asante kwa somo. Mimi maskara inanipiga chapa juu ya jicho, vidoa vyeusi chini ya nyusi. Kabla ya kunyanyua haikuwa hivyo.

Karibu mpenzi. Ni kwa sababu kope sasa zinafika juu na kuigusa ngozi, hasa kwa wenye macho ambayo ngozi ya juu inashuka kidogo. Fanya mambo matatu. Pitisha poda nyepesi isiyo na rangi juu ya ngozi hiyo kabla ya maskara. Baada ya kupaka, tazama chini kwa dakika nzima mpaka ikauke. Na uhamie kwenye ile maskara ya mifuko, kwa sababu haisambai kwa mafuta ya ngozi. Ukirudi kwa fundi mwambie akutafutie silikoni ya ukubwa mwingine, ili mpindo usiwe mkali vile.

Naomba kuuliza, naweza kubandika kope za bandia juu yake? Nina sherehe.

Zile za ukanda zinazogandishwa kwenye ngozi, baada ya siku mbili unaweza, lakini uzibandue kwa kuilowesha gundi kwanza, usizivute. Mimi ningekushauri uache, kwa sababu kope zako zitasimama wima na zile za bandia zitakuwa na mpindo wake, zionekane safu mbili. Zile zinazogandishwa ukope mmoja mmoja subiri mpaka mpindo uishe, kwani hazishiki vizuri kwenye shina lililopinda.

Shoga, mimi usiku uleule nililia sana, kope zikalowa. Ndiyo zimeharibika?

Pole sana, shoga. Machozi ya mara moja mara nyingi hayafuti kazi yote. Kausha kwa kubonyeza kitambaa laini, chana kwenda juu, uziache. Kama baada ya siku mbili unaona upande mmoja umelala, mrudie fundi akuangalie. Usijirekebishe kwa dawa ya nyumbani.

Kope zangu zimesokotana, ncha zimegeukia nyuma mpaka zinagusa ngozi. Nirudie tena zinyooke?

Hapana dada, tafadhali. Hiyo ni dalili kwamba dawa ilikaa muda mrefu kupita kiasi au silikoni ilikuwa ndogo. Ukope uliokwisha kulegea ukiuongezea dawa unaweza kukatika. Usizikate kwa mkasi pia. Kwa sasa acha maskara, chana kila siku kwa kibrashi chenye unyevu, tumia kilainishi cha kope chenye keratini au panthenoli, na uzivumilie ziote upya. Huwa zinaota, almradi mashina hayajaumia.

Ninavaa lenzi za machoni. Utaratibu ukoje?

Lenzi zitoke kabla ya kufanyiwa, na usizirudishe mpaka jicho litulie kabisa. Wengi hungoja saa 24 kwanza. Siku za kawaida, vaa lenzi kabla ya kupaka vipodozi na uzitoe kabla ya kuvisafisha, ili vumbi la aishedo na kisafishio visinase chini yake.

Mafuta ya nyonyo yanakuza kope kweli? Naona kila mtu anayasifu.

Ushahidi wa kuaminika kwamba yanaotesha kope haupo. Yanachofanya ni kulainisha na kutia mng'ao, nao unafanya kope zionekane nene. Ukitaka kuyatumia ngoja siku mbili zipite, chovya ncha ya kibrashi tu, usifike kwenye mashina, na siku ya maskara usiyapake kabla, haitashika.

Tangu jana jicho la kushoto linawasha na limevimba kwenye ukingo. Nilitiwa na rangi pia. Nipake krimu gani?

Usipake chochote, mdogo wangu. Osha kwa maji safi mengi na umwone daktari leo, usingoje kesho, na kama kuona kumefifia au kuna maumivu nenda sasa hivi. Baadhi ya rangi za kope zina kemikali iitwayo PPD, ambayo baadhi ya miili huikataa vikali, na mzio wake unaweza kuchelewa siku moja au mbili ndipo ujitokeze. Mpelekee daktari jina la dawa na la rangi, mwombe fundi akutumie picha ya vifungashio. Siku nyingine, hata kwa fundi unayemwamini, dai ajaribu tone nyuma ya sikio siku mbili kabla. Na mwenye chokea au macho mekundu asikubali kunyanyuliwa kope mpaka apone.

Harusi yangu ni Jumamosi. Ninyanyue Ijumaa?

Hongera sana! Ijumaa hapana. Fanya siku tano hivi kabla, Jumatatu au Jumanne. Utakuwa umemaliza muda wa kungoja, utakuwa umejaribu wanja na maskara yako angalau mara moja, na kama kuna mzio utakuwa umeshajitokeza. Mwambie mpambaji wako mapema kwamba kope zimenyanyuliwa, asije na kikunjio.

Mimi na dada yangu tunatumia maskara moja, tumefanya wote. Kuna tatizo?

Kila mtu awe na yake, na kibrashi chake. Hata ndugu wa damu hupeana macho mekundu kwa njia hiyo.