Pimeni maji ya udhu kabla ya kununua mifereji mipya

Kamati ya msikiti ikitaka kujua inatumiaje maji, ianzie pa kutawadhia. Tega ndoo ya lita 10 chini ya mfereji, mtu atawadhe kama kawaida yake bila kuharakishwa, kisha pima yaliyoingia kwa jagi la lita moja. Rudia kwa watu kumi hivi, wazee na vijana. Mtume (s.a.w.) alitawadha kwa mudi moja, kama theluthi mbili za lita, linganisheni na hapo.

Uvujaji nao hupimwa usiku. Baada ya Isha funga valvu ya kuingizia maji tangini, tumbukiza ufito mkavu hadi chini, utie alama palipolowa. Rudia kabla ya Alfajiri. Maji yakishuka na hakuna aliyetumia, kagua vyoo kwanza, halafu mifereji. Kwa visima vyetu vya Mombasa vyenye chumvi, mara nyingi si mpira wa mfereji uliochakaa tu, hata kikalio chake, yaani pale mpira unapokalia ndani ya mfereji, kimeliwa. Ukibadilisha mpira peke yake, utavuja tena wiki hiyohiyo.

Vipimo viandikwe daftarini, na mpime upya Ramadhani, maana tarawehe huongeza watu.