Kumfundisha Kusoma Mwanafunzi Anayekwama: Jicho, Sikio, Kinywa na Mkono kwa Pamoja

Somo hili linawahusu walimu wa darasa la kwanza na la pili hapa Dodoma wenye mwanafunzi anayekwama kwenye silabi ilhali wenzake wameshafika kwenye maneno. Msingi wa mbinu hii uliwekwa Marekani katika miaka ya 1930 na daktari Samuel Orton na mwalimu Anna Gillingham: mtoto aione herufi, aisikie sauti yake, aitamke na kuiandika kwa wakati mmoja.

Hatua ya kwanza: Chekecha mchanga mkavu wa korongoni, uutandaze kwenye sinia.

Hatua ya pili: Chagua sauti moja, tuseme m, na uitamke sauti yenyewe badala ya jina la herufi, kwa sababu mtoto aliyekariri "me" akiunganisha na "a" hupata "mea", hapati "ma". Aandike m mchangani kwa kidole huku akiivuta sauti hiyo muda wote kidole kinaposogea. Kidole kikitangulia na kinywa kikafuata, afute, aanze upya. Hapa usimharakishe, kwani faida yote imo katika kuvifanya viwili hivyo pamoja.

Hatua ya tatu: Aunganishe ma, me, mi, mo, mu, kisha asome mama na mimi.

Hatua ya nne ni tahajia. Sema "mtama"; mwanafunzi apige kofi kwa kila silabi, m-ta-ma, ndipo aandike daftarini huku akitamka. Anayeandika "mutama" au "tama" husaidika sana anaposikia kwamba m ina kofi lake peke yake.

Maswali ya walimu

Swali: Mwalimu, wangu anasoma ng'ombe kama ngombe. Nifanyeje?

Jibu: Avute sauti ya mwanzo ya ng'ombe, kisha ya ngoma, asikie g inavyojitokeza kwenye ngoma pekee. Halafu mbandikie punje ya mtama kwenye kadi iliyoandikwa ng'ombe, mahali pa ritifaa (alama ' inayofuata ng), aiguse kila anaposoma.

Swali: Nina wanafunzi zaidi ya themanini. Masinia nitayatoa wapi?

Jibu: Darasa zima liandike hewani kwa mkono ulionyooshwa, likitamka. Wanaokwama watoe nje watatu au wanne, waandike ardhini kwa kidole, dakika kumi kila siku. Saa nzima mara moja kwa wiki haiwafai, maana husahau.