Tengeneza bustani ya nyumbani Februari, usingoje mvua ikukute

Watu wengi hapa Nairobi hukumbuka bustani Aprili, mvua ishaanza kupiga, kila mtu anakimbilia miche kando ya barabara, anachimba shimo kwa matope anatumbukiza, halafu wiki mbili baadaye anauliza mbona imeoza. Masika yetu kawaida huingia katikati ama mwisho wa Machi na kutuacha Mei. Kazi chafu yote ifanye kabla ya hapo, Februari jua likiwa kali na udongo mkavu. Maua yatakuja baadaye, hayana haraka.

Anza na udongo, na hapa inategemea unaishi wapi. Pande za Ruaka, Kikuyu na Kiambu ni ule mwekundu, mna bahati nyinyi, unapitisha maji vizuri na unalimika bila vita. Kule Syokimau, Embakasi, Kitengela ni ule mweusi wa kushika viatu, ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mkono, ukilowa unafura na kunata, na ukilima ukiwa umelowa unatengeneza mabonge ambayo yakikauka ni kama matofali. Kuna watu watakwambia mwaga mchanga kidogo utalainika. Usipoteze pesa, mchanga kidogo hausaidii hata. Kinachosaidia ni mbolea ya mifugo na majani yaliyooza, mengi, kila msimu, na kuinua matuta kama futi moja juu ili mizizi isikae kwa maji. Pembeni chimba mtaro mdogo wa kutoa maji, na uangalie unaelekea wapi, usije ukamwagia jirani mafuriko mkaanza kuitana kwa mzee wa mtaa.

Mbolea sasa. Ya mbuzi na ya ng'ombe huuzwa kwa magunia, nyingi inaletwa kutoka Kajiado, na kabla ulipe fungua gunia, chovya mkono ndani. Ikiwa na joto ama inanuka kali ya kuchoma pua bado haijaiva, hiyo itaunguza miche. Iliyoiva iko poa, nyeusi, inavunjikavunjika, na harufu yake ni ya msitu. Ya kuku ndiyo kali zaidi, iache ioze miezi kadhaa kabla uiguse. Changanya ndani ya udongo na jembe la meno, usiimwage juu tu ukaondoka ati kazi imeisha.

Na tafadhali wacheni kuchoma majani! Yale majani makavu unayofagia kila asubuhi ndiyo ya kufunika matuta, yanazuia jua lisinyonye unyevu na yanapunguza magugu, na mengine rundika kona moja na maganda ya jikoni, tabaka kavu tabaka bichi, unanyunyiza maji, unageuza mara kwa mara. Nyama na mafuta usiweke, utaita panya wa mtaa mzima.

Kukata matawi, fanya pia saa hii. Bougainvillea ya kwa geti ikishamaliza maua ikate bila huruma, vaa glavu tu kwa sababu ile miiba haina urafiki. Waridi toa matawi makavu na yanayosuguana, ukate juu kidogo ya jicho linaloangalia nje. Makasi yawe makali, panga butu linararua tawi na hapo ugonjwa unapata mlango. Fensi ya kei apple ipunguzwe kabla mvua, ikishashika maji itarusha matawi hadi kwa barabara. Nyasi usikate hadi chini kipindi hiki cha jua, utaziunguza, ngoja zianze kurudi kijani.

Mboga ndiyo watu huchelewa kabisa. Mbegu ya sukuma kwenye kitalu inataka kama wiki nne hadi sita kabla ya kuhamishwa, kwa hivyo ukitaka kupanda mwisho wa Machi, sia katikati ya Februari, kwa kivuli chepesi, unamwagilia jioni. Mbegu za terere na managu ni ndogo sana, changanya na mchanga mkavu ndio zisirundikane mahali pamoja. Kama unaishi kwa fleti na huna udongo, gunia linatosha: mawe katikati kutoka chini hadi juu ya kupitisha maji, udongo na mbolea pande zote, toboa mashimo ubavuni upande sukuma na dania. Muulize kwanza landilodi ama keateka, maji yakitiririkia kwa nguo za wa chini ni kesi.

Safisha pia gata za paa kabla tanki lianze kupokea maji, na yale ya mvua ya kwanza yaachilie yaende, yamebeba vumbi la miezi miwili na kinyesi cha ndege.

Mvua ikianza, tulia. Manyunyu ya kwanza hudanganya, chimba na kidole, kama chini bado ni pakavu ngoja inyeshe tena. Ukishapanda, sukuma zipe nafasi ya futi moja na nusu, na kila usiku toka na tochi uokote konokono, hao wanapenda miche michanga kuliko wewe.