Umepata kazi Shelisheli? Piga hesabu hizi kabla hujasaini

Watu wengi wakipata ofa ya kazi Shelisheli wanauchukua ule mshahara wa rupia, wanaugeuza kuwa hela ya nyumbani, wanaona namba imenona, basi wanaanza kuulizia bei za viwanja. Subiri kwanza. Ile ni moja ya nchi zenye maisha ghali sana Afrika na sababu kubwa ni mbili tu: karibu kila kitu kinaletwa na meli au ndege, halafu ardhi ya kujenga ni kiduchu, kisiwa kikubwa cha Mahé wanakoishi watu wengi kina kilomita za mraba kama 155 na sehemu kubwa ni milima ya mawe na msitu. Ukizishika hizo mbili utajua mwenyewe wapi hela itapotea na wapi unaweza kuishi kwa nafuu.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza mwajiri sio mshahara ni ngapi, ni nyumba analipa nani. Hapo ndipo maisha yako yote yatakapoamuliwa. Hoteli na kampuni za ujenzi kwa kawaida zinampa mfanyakazi mgeni mahali pa kulala, wakati mwingine mnalala wawili chumba kimoja, lakini ni bure au karibu na bure. Kazi za ofisini mara nyingi wanakupa posho ya nyumba, au hawakupi kitu kabisa wanakwambia mshahara umeshajumlisha kila kitu. Sasa kupanga mwenyewe pale, kijumba cha chumba kimoja na sebule si rahisi kukipata chini ya rupia 8,000 kwa mwezi, na ukitaka karibu na mji wa Victoria au karibu na ufukwe kama Beau Vallon andaa zaidi, na wenye nyumba wanataka dipoziti mkononi kabla hujaweka hata begi ndani.

Tufanye hesabu kidogo. Mgeni hana ule unafuu wa kodi ambao raia anao wa kiasi cha kwanza kutokatwa, wewe unakatwa 15% kwenye rupia 10,000 za mwanzo halafu 20% kwa kinachozidi hapo, na wenye mishahara minene kabisa wana daraja lao la juu. Jamaa A analipwa 15,000 na amepewa chumba: kodi 2,500, anabaki na 12,500 na hana kodi ya nyumba wala bili. Jamaa B analipwa 22,000 anajipangia: kodi 3,900, zinabaki 18,100, toa nyumba tuseme 10,000, toa umeme, maji na intaneti, anabaki na kama 6,500 na bado hajala. Yule wa mshahara mdogo ndiye atakayejenga kwao. Nimeona watu wanakataa ofa ya A kwa sababu ya namba tu, inaumiza roho.

Mengine ya kuuliza kabla ya kusaini, na uyaone yameandikwa sio kwa mdomo: tiketi ya kuja na ya kurudi, bima ya matibabu (hospitali za serikali ni bure kwa raia, wewe mgeni utalipa), chakula kazini, usafiri wa zamu za usiku, na nani analipia kibali cha kazi ambacho wenyewe wanakiita GOP. Hicho kibali anakuombea mwajiri na kimefungwa kwa mwajiri huyo huyo na kazi hiyo hiyo, maana yake ukishafika na ukakuta mambo sio uliyoahidiwa huwezi tu kuhamia kampuni ya jirani wiki ijayo, mpaka mchakato uanze upya. Ndio maana majadiliano yanafanyika ukiwa bado kwenu. Na usidanganywe na mtu kwamba njoo kama mtalii utapata kazi ukifika, kuingia bila viza ni rahisi lakini kibali cha mgeni wa matembezi hakikuruhusu kufanya kazi. Kama una mke au mume anakuja kukaa na wewe, naye hawezi kufanya kazi bila GOP yake mwenyewe, kwa hiyo usipange bajeti ya mishahara miwili wakati mmoja bado hauko.

Uliza pia unalipwa kwa hela gani. Rupia ya Shelisheli inaelea tangu 2008. Mwaka 2020 watalii walipokatika kwa sababu ya korona, dola moja ilitoka kwenye rupia 14 hivi ikapanda mpaka ikapita 20, ikaja kushuka tena, na miaka ya karibuni imekuwa ikicheza kwenye 13 mpaka 15. Mtu aliyekuwa anatuma rupia zile zile nyumbani kipindi kile alijikuta anatuma hela ndogo zaidi bila mshahara kupungua hata senti. Ukipata mkataba wa dola au euro shukuru Mungu, ukipata wa rupia usikope nyumbani kwa kutegemea kiwango cha leo.

Haya, umefika. Kama unatafuta nyumba mwenyewe usisaini kwa picha, nenda ukaone, na uende kwa basi sio kwa gari la rafiki. Barabara za pembeni zinapanda mlima hasa, nyumba ya bei nafuu inaweza kuwa juu kabisa ambako kutoka kituo cha basi unapanda dakika ishirini na mifuko ya soko mkononi na jua linakuchoma, miezi miwili tu utaanza kuchukua teksi, na teksi za kule zitakumalizia kila ulichookoa kwenye kodi ya nyumba. Mabasi ni ya SPTC, shirika la umma, yapo Mahé na kisiwa cha Praslin na nauli yake ndio kitu cha bei rahisi kuliko vyote utakavyokutana navyo, ila jioni yanawahi kuisha na Jumapili ni ya kuhesabu. Wa kazi za usiku ajipange hapo. Kununua gari achana nalo mwaka wa kwanza, ushuru unafanya hata kigari kichakavu kiwe na bei ya kuchekesha.

Ukiwa ndani ya nyumba angalia mambo matatu: madirisha yanapitisha upepo, kuna tangi la maji, na mita ya umeme ni yako peke yako au mnachangia. Umeme wa Shelisheli kwa sehemu kubwa unatoka kwenye jenereta za mafuta yanayoletwa kwa meli, na shirika la PUC linatoza kwa ngazi, yaani kadiri unavyotumia zaidi ndivyo uniti moja inavyozidi kuwa ghali. AC ikilala imewashwa kila usiku bili inakuja kama ya familia ya watu sita. Nyumba yenye upepo wa bahari na feni inatosha, joto la kule halina tofauti sana na Tanga au Mombasa, ukiwa umezoea pwani huna shida. Tangi la maji watu wanalipuuza kwa sababu wanaona mvua kila saa, lakini kipindi cha kusi, kama Mei mpaka Oktoba, mvua inapungua na mgao wa maji sio jambo geni, mabwawa yao ni madogo na maji ya mlimani yanakimbilia baharini.

Sasa chakula, hapa ndio pa kuwa mjanja. Kuna maduka ya STC, kampuni ya serikali, pale ndio unachukua mchele, sukari, dengu, mafuta, maziwa ya unga, vile vitu vya msingi, nenda mara moja baada ya mshahara ununue vya mwezi mzima. Maduka madogo ya mtaani ni mkombozi kwa sababu yanafungua mpaka usiku na sikukuu, lakini kila kitu kimeongezewa kidogo, na hicho kidogo kikijirudia kila siku ni hela ya maana. Kwenye supamaketi za wazungu wenye nyumba za kifahari pita kuangalia tu. Tufaha, zabibu, jibini, nafaka za kifungua kinywa, nyama ya ng'ombe nzuri, vyote vimepanda ndege au meli na nauli yake unailipa wewe.

Samaki ndio chakula cha kukutoa. Soko kuu la Victoria lina samaki wazuri asubuhi ila hata barabarani mchana boti zikirudi utaona vijana wamesimama na samaki waliofungwa pamoja kwa kamba, ule mfungo wanauita pake, unanunua pake nzima sio kilo. Samaki wanaoitwa makro ndio wa bei ya chini, wale wa karang na burzwa wako juu. Inua pake uangalie macho na ufunue shavu, likiwa jekundu lipia, likiwa la kahawia mwambie asante endelea na safari. Bei haikai mahali pamoja: bahari ikitulia kipindi cha kaskazi samaki wanajaa na bei inalegea, kusi ikivuma mawimbi yanazuia boti ndogo na pake ile ile inapungua ukubwa huku bei inapanda. Mwenye friza anajaza wakati wa raha. Kwa wanga usilazimishe ulichozoea, kula mashelisheli yenyewe, wao wanayaita friyapen, na ndizi na mihogo, ukipata jirani mwenye mti nyuma ya nyumba mara nyingi anakugawia bure kwa sababu yanaiva kwa mpigo hawezi kuyamaliza. Mboga za majani ndio maumivu, nyanya na hoho wakati mwingine utadhani unanunua dhahabu, kwa hiyo kama una kibaraza panda sukuma na bilinganya kwenye ndoo, zinaota bila kubembelezwa.

Siku hujapika kula kwenye vibanda vya tekawei, wali na mchuzi wa samaki au kuku kwenye boksi, chini ya rupia 100 unashiba kabisa. Ukihama hapo ukaenda mgahawa wa ufukweni wenye kitambaa mezani umeingia bei ya watalii, ukubwa wa sahani ni ule ule. Kuhusu bei ya watalii, GOP yako ikishatoka tembea na kitambulisho chako na kila mahali uliza bei ya mkazi, kwenye boti ya kwenda Praslin na kwenye vivutio tofauti inaweza kuwa kubwa.

Kutuma hela nyumbani linganisha benki na maduka ya kubadilisha fedha, na tuma kwa mkupuo mmoja kuliko vidogo vidogo maana ada inakula. Akaunti ya benki watataka waone kibali kwanza, kwa hiyo njoo na akiba ya dola au euro ya kukutoa mwezi na nusu, mshahara wa kwanza huwa haufiki siku uliyoiota.

Cha kubeba: viatu na sandali za kutosha, dawa zako na cheti cha daktari, nguo nyepesi za kazi, vifaa vya umeme kwa sababu plagi ni ile ile ya pini tatu tunayotumia na bei ya kule ni juu. Vitu vya ngozi viache, unyevu ule mkanda ukining'inia kabatini mwezi unaota ukungu wa kijani. Matunda mabichi na nyama usifunge kwenye begi, uwanja wa ndege wanakagua na wanachukua. Laptopu itafutie mfuko unaofunga vizuri, chumvi ya bahari inaingia kila tundu.